Kadi ya Neno Moja

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, kweli isiyochanganywa na kitu, na anayetaka nile kiapo niko tayari kukila hata kabla ya chai. Chumvi sikutia hata punje. Kwanza daktari amenikataza.

Palikuwa na msanifu majengo, mwanamke wa makamo, mrefu, ambaye akiingia chumba chochote huangalia dari kwanza ndipo awasalimu wenyeji. Miaka mingi alifanya kazi katika ofisi ya bwana mmoja ambaye mji mzima ulimwita Nguzo. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya unene, ingawa angestahili. Alipewa kwa sababu hakuna jengo lililotoka mkononi mwake bila kusimamishiwa nguzo mbele. Benki ina nguzo, shule ina nguzo, na hata banda la kuku alilomjengea mama mkwe wake lina nguzo, kuku wanapita katikati polepole kama mawaziri wanaoingia bungeni.

Sasa, mchoro wowote wa jengo una kisanduku kidogo pembeni, chini, kinachosema nani kauchora. Msanifu alichora zahanati, kisanduku kikaandikwa Nguzo. Alichora soko zima na vyoo vyake, kikaandikwa Nguzo, tena kwa herufi nene. Siku aliyothubutu kuuliza, bosi alimjibu kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza:

“Wewe unachora, mimi ninajulikana. Tumegawana kazi.”

Akaacha kazi. Nguzo hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimsindikiza, akapapasa mgongo wa kiti chake kama anayempapasa mbwa. “Hiki hakikaliwi na mtu,” alisema. “Utarudi, tena utakikuta bado kina joto lako.”

Msanifu akapanga vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya kuchorea, kiti kimoja, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Cha nyuma kilikuwa na kiti kingine, mguu umelegea, kilichofichwa huko wageni wasikione. Cherehani za chini zilipokimbia, rula ilitembea yenyewe mezani. Lakini ilikuwa ofisi yake. Na alichokitaka kilikuwa kimoja tu: jengo moja, mchoro mmoja, na ndani ya kile kisanduku majina yake matatu, bila kupungua hata herufi. Asipolipata jengo hilo, kiti kule kwa Nguzo kilikuwa kinamngoja, na joto lake.

Bahati ikabisha hodi mapema. Mji ulitaka kujenga wodi ya wazazi, na kamati ikawaita wasanifu wawili: Nguzo na yeye. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkunga mstaafu, mama mfupi aliyewapokea nusu ya watu wa mji ule walipokuwa wanaingia duniani, kwa hiyo hakuna cheo cha mtu kilichomtisha. Alikuwa amewaona wote bila suruali.

“Kwanza mtakuja kujitambulisha,” aliwaambia kwa simu. “Halafu tutapita ofisini kwenu kuona watu. Maana kuchora hata mtu mmoja huchora. Lakini wodi inataka ofisi yenye watu.”

Msanifu alikata simu, akaitazama ofisi yake. Watu waliokuwamo ni yeye.

“Kwa kuanzia,” akajiambia, “ngoja nipate angalau kadi.”

Hapo ndipo mama mkwe wake Msanifu alipopata habari. Yule mama alikuwa na kitinda mimba aliyerudi karibuni kutoka kusomea usanifu wa chapa na nembo, na tangu arudi alikuwa anakaa sebuleni kwa mama yake akiyakosoa mapazia. “Mpe shemeji yako hiyo kazi,” mama mkwe aliagiza. “Mtoto anajua, ila hajapata wa kumjulia.” Na amri ya mama mkwe haina rufaa.

Shemeji huyo nyumbani walimwita Futa. Alikuja amevaa nyeusi juu hadi chini, akaishika rasimu ya Msanifu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake.

“Shemeji, hii ni kadi au ni tangazo la mnada?”

Rasimu ilikuwa na majina matatu, shahada mbili, namba za simu, anwani, kinyumba chenye mti ubavuni, na maneno “Tunachora Ndoto Zako”.

“Ni kadi,” alisema Msanifu. “Watu wajue mimi ni nani.”

“Wakishajua kila kitu watakuja kuuliza nini? Waache wakutamani kidogo.”

“Nimeolewa, shemeji. Tena na kaka yako.”

Futa hakucheka. Wenye fani yake hawacheki wakiwa kazini. Alifungua kompyuta, akaanza kufuta. Kinyumba kikaondoka na mti wake.

“Daktari wa meno anaweka picha ya jino?”

“Anaweka. Wote wanaweka.”

“Ndiyo maana watu wanawaogopa.”

Ndoto zikafutwa. Shahada zikafutwa, kwa hoja kwamba mwenye kushiba hatembei amebeba sahani. Namba za simu zikafutwa.

“Sasa watanipigiaje?”

“Anayekutaka kweli atakutafuta.”

“Atanitafuta wapi, wewe? Chini ya kitanda?”

Wakavutana sana juu ya anwani, mpaka Futa akaridhia ibaki, ila ikandamizwe kwenye karatasi bila wino, nyeupe juu ya nyeupe, isiyoonekana mpaka uinamishe kadi kwenye mwanga kama anayekagua noti bandia. Likabaki jina. Mshale wa kompyuta ukalisogelea.

“Hilo usiguse!” Msanifu alisimama. “Kule nimeondoka kwa ajili ya hilo.”

“Shemeji, majina yako matatu yamejaa humu kama wageni wa harusi kwenye chumba kimoja. Na Nguzo naye ana jina. Utashindana naye kwa jina? Yeye ana jina, wewe uwe na wazo.” Akashusha sauti. “Niambie, jengo ni nini? Ni kuta?”

Msanifu alisita. Swali lilimgusa pale pale alipokuwa dhaifu. “Hapana,” alisema. “Jengo si kuta. Jengo ni kile kinachobaki katikati ya kuta. Ni nafasi.”

“Rudia.”

“Nafasi.”

Futa alifuta majina matatu, akaandika neno moja, dogo, katikati ya weupe wote ule, akalitia nukta.

*nafasi.*

“Nukta ya nini?”

“Neno hata wewe ungeliandika. Nukta ndiyo usanifu.”

Wakalitazama wote wawili kama watu waliosimama mbele ya mtoto aliyelala. Na ni kweli lilikuwa zuri. Elimu ndiyo iliyowaponza. Walikuwa watu wa fani, wamelizoea neno hilo kwa maana moja tu, ile inayopimwa kwa mita, na haikuwajia akilini kabisa kwamba mwenzangu na mimi akiliona limeandikwa mlangoni hafikirii mita.

Kadi zikachapwa kwenye karatasi nene kama biskuti. Kibao cheupe kikapigiliwa chini, pembeni mwa ngazi: *nafasi.* Asubuhi yake, kabla Msanifu hajavua mkoba begani, mwanamke mmoja alikuwa ameshaketi kwenye kiti kile kimoja, bahasha ya vyeti magotini.

“Nimeona tangazo. Nafasi yenyewe ni ya nini?”

Msanifu alidhani ameulizwa la kitaaluma. Akaona hata fahari. “Nafasi,” alianza, “ni kile kinachobaki baada ya kuondoa vyote visivyohitajika.”

“Basi ni ya usafi,” alisema yule mwanamke. “Naiweza.”

Baada yake wakaja mume na mke, wakapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, wakafungua na kufunga dirisha, wakagonga ukuta. “Choo ni cha ndani au mnachangia?” Akaja mzee mmoja aliyetaka kujua kama nafasi inaruhusu mbuzi. Ilipofika adhuhuri fundi cherehani alitoa kichwa dukani, akapaza sauti kuelekea juu:

“Mama! Huku kuna mwingine, anauliza kama nafasi imeshajaa!”

Msanifu akampigia shemeji. “Njoo ung'oe kibao chako! Watu wanakuja kuomba kazi na kupanga vyumba!”

“Wanakuja au hawaji?”

“Wanakuja, ndiyo, lakini…”

“Basi chapa imefanya kazi yake. Fanya na wewe yako, shemeji.” Akakata.

Siku ya kujitambulisha ikafika. Nguzo alitangulia kugawa kadi yake, kubwa kiasi cha kujipepea, na wajumbe kweli walijipepea nayo. Ilikuwa na dhahabu, na picha yake ametabasamu, na vyeo vilivyoshuka mpaka vikageukia upande wa pili, na nguzo mbili kingoni, kulia na kushoto, zikizuia hayo yote yasimwagike. Kisha Msanifu akagawa yake. Mweka hazina aliigeuza mbele na nyuma, akachungulia chini ya meza kama kuna kipande kilichoanguka.

“Imekusudiwa hivi,” aliuliza, “au wino uliisha?”

Mkunga alivaa miwani. “Nafasi. Nafasi ipi, mwanangu?”

“Nafasi tu, mama.”

“Kama ni tu, mbona umemaliza na nukta?”

Nguzo alicheka mpaka akajifuta macho. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kwa furaha ya mtu anayeona kiti kinaanza kupata mkaliaji wake. “Hii naomba niondoke nayo,” alisema, akaitia mfukoni mwa shati. Msanifu alizungumza aliyokuwa nayo ya kuzungumza, akakunja michoro yake ambayo hakuna aliyeomba kuiona, akarudi ofisini akiwaza kiti kilekile. Kamati itakuja. Itakuta meza, dirisha la ukuta, na yeye.

Nguzo alipofika kwake, aliibandika ile kadi ukutani, juu ya birika la chai, mahali ambapo wafanyakazi wake wote hupita. “Njoni mmwone mwenzenu,” aliwaita. “Hata jina limemkimbia!”

Wachora ramani wake wakacheka, maana ni kazi yao. Walicheka kwa midomo. Lakini macho yalikuwa yanasoma. Walikuwa watu ambao kila mmoja alikuwa amechora shule au soko au banda la kuku, na kila mmoja alikijua kile kisanduku. Bosi alipoingia chumbani mwake, mmoja alikwenda kutia maji birikani. Wa pili akakumbuka kwamba hajanywa chai. Wa tatu alikuja na penseli, akaisugua polepole juu ya kadi, ubapa ubapa, kama watoto wanavyosugua sarafu chini ya karatasi. Anwani ikajitokeza, herufi kwa herufi.

Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Siku ya ziara, tangu alfajiri, ofisi ya Nguzo iliingiwa na balaa. Mmoja alipiga simu kuwa anaumwa jino. Mwingine, mama yake kaanguka. Mwingine bomba limepasuka nyumbani, anaogelea. Kila mmoja alikuwa na dhiki yake ya peke yake, tena ya kuaminika kabisa. Kamati ilipofika ilimkuta Nguzo katikati ya meza tupu, anatafuta sukari ilipo.

“Watu wako wapi?” aliuliza mkunga.

“Msibani,” alisema Nguzo, maana jino, mama na bomba kwa pamoja vingekuwa virefu kueleza. “Wamekwenda kuzika.”

“Wote?”

“Alikuwa mtu wa watu.”

Mkunga akampa pole, kama inavyotakiwa. Kisha kamati ikashuka barabarani, na hapo ikagundua kwamba haijui iende wapi, kwani kadi ya mshindani wa pili ilikuwa na neno moja, na simu yake iliita bila kupokelewa. Wajumbe walitaka kurudi nyumbani. Lakini mkunga alikuwa na vidole vilivyofanya maisha yote kazi ya kutafuta kisichoonekana. Alifumba macho, akaipapasa kadi toka juu hadi chini.

“Kumbe iko humu,” alisema. “Tena imelala vizuri. Twendeni.”

Kwa Msanifu nako kulikuwa hakupitiki. Wachora ramani wa Nguzo walikuwa wamefika kila mtu kwa njia yake, wakakutana ngazini, wakaulizana hali ya jino na ya bomba kwa aibu kubwa, kisha wakapanga mstari. Na mstari ukishapata watu wanne wenye tai huanza kuzaa wenyewe. Aliyepita akauliza kuna nini, akaambiwa nafasi, akajiunga. Foleni ilijaza ngazi, ikapita mbele ya duka la fundi, ikazunguka kona, ikaingia uwanja wa mpira na kusimamisha mechi, mwamuzi naye akajipanga na filimbi yake mdomoni.

“Nishikie nafasi yangu, nakwenda kunywa maji.”

“Nafasi ya nafasi? Nenda zako, ukirudi utaanza mwisho.”

“Wewe bibi, acha kusukuma! Sisi sote tuna vyeti!”

Kamati ilipanda kwa kubanana. Mkunga, akiwa ngazi ya tatu, akasimama ana kwa ana na kijana wa jino.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Si mlikuwa msibani?”

“Msiba wa nani, mama?”

Mkunga aliwatazama wote waliokuwa nyuma ya kijana, mmoja mmoja, akiwatambua. Wengine aliwahi kuwapiga makofi ya kwanza matakoni. Kisha akaingia ofisini.

Msanifu alisimama nyuma ya meza, rangi imemtoka. Ushindi ulikuwa umesimama mlangoni kwake, nao ulikuwa wa uongo. Angeweza kukaa kimya. Alifungua mdomo akitumaini sauti haitatoka, ikatoka.

“Mama mwenyekiti, hawa si watu wangu. Hawa wanaomba kazi. Sijaajiri hata mmoja. Ofisi hii ni mimi na kiti hicho, na kingine kibovu kiko nyuma.”

Mweka hazina akashusha pumzi. Mkunga akakaa kwenye kiti.

“Wale wenye tai ni wa yule bwana?”

“Ni wake, mama.”

“Wamemwacha peke yake na sukari yake wakaja kupanga mstari kwako?”

“Ni kwa sababu ya kadi. Kadi imekosewa. Neno lilikuwa na maana nyingine.”

“Mwanangu, nimewauliza ninyi wawili watu wako wapi. Mmoja kaniambia wako kaburini. Wewe uliye na mji mzima ngazini unaniambia huna mtu. Tukae hapa tubishane mpaka wodi izae yenyewe?” Akageukia mlango. “Nyie wenye tai, ingieni. Na yule mwamuzi aende akamalize mechi.”

Hivyo ndivyo Msanifu alivyopata jengo, na wafanyakazi wa kulijenga, kwa mpigo mmoja. Michoro yake hakuna aliyeifungua. Ilikuwa mizuri mno, madirisha yamepangwa mzazi aone nje bila nje kumwona, na mpaka leo inamuuma kwamba alishinda kwa foleni. Yule mwanamke wa kwanza alipata kazi ya usafi, kama alivyoelewa tangu mwanzo.

Mchoro wa mwisho wa wodi ulipokamilika, Msanifu alichukua kalamu ya wino, akaandika ndani ya kile kisanduku majina yake matatu. Hayakutosha. La tatu lilivuka mstari likatokeza nje kama mguu wa mtu mrefu kitandani. Futa, aliyekuwa anapita kukagua chapa yake, akainamia meza.

“Shemeji, hapa kwa kweli pamejaa. Tungepunguza…”

“Gusa,” alisema Msanifu, “nikufute wewe.”

Hadithi ingeishia hapo. Lakini na Nguzo naye, alipoona yaliyotokea, alimwita Futa akamwambia nifanyie kadi kama ile. Futa akafuta dhahabu, akafuta tabasamu, akafuta vyeo mbele na nyuma, mpaka likabaki neno moja dogo na nukta yake: *nguzo.* Kesho yake asubuhi mtu akasimamisha lori mlangoni. “Bei gani? Unazo za fensi au za umeme tu?” Wakaja wengine. Nguzo alikataa wiki nzima, kisha akachoka, akanunua msitu. Siku hizi hachori kabisa. Anauza nguzo za miti, zimetiwa dawa zisiliwe na mchwa, na ametajirika kuliko alivyowahi kuwa.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, nimeketi dukani kwa fundi cherehani, wasikilizaji wamenizunguka, wanapiga mapaja kwa kicheko. Mara pazia la kupimia nguo likavutwa, akatoka Nguzo. Mguu mmoja wa suruali umefungwa pini, mwingine umechorwa chaki.

“Msitu wangu uko wapi?” aliuliza. “Nielekeze nikaulinde.”

“Bosi,” nilisema, “kumbe upo.”

“Kamati nakubali. Watu wangu kuondoka nakubali, na sukari mpaka leo sijui ilipo. Lakini mimi sijabadilisha kadi, na sijauza nguzo hata moja ya kufungia mbuzi.”

Nikamtazama fundi aniokoe. Fundi aliondoa pini mdomoni. “Na ile foleni,” alisema, “haikufika uwanjani. Ilikomea hapa kizingitini. Mwamuzi alikuja kushona kaptura.”

Wote waliokuwa wanacheka wakaendelea kucheka, ila sasa walikuwa wamenigeukia mimi.

“Suruali hii utailipa wewe,” alisema Nguzo, akarudi nyuma ya pazia.

Nililipa. Nikalipia na vifungo. Nilipotaka kuongeza neno moja tu la kujitetea, fundi alinionyesha mkasi.